Gari la Sultani Lapanda Kilimani

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya majini na mapango ya dhahabu, bali zamani ya karibu kidogo, ambayo chuma kilikwisha kujulikana na reli ilikwisha kusemwa, palikuwa na mji uitwao Sandarusi, na mtawala wake alikuwa Sultani Nadhiri. Mji huo ulikuwa mbali na pwani. Watu wake walilima ufuta na karanga, wakazitia katika magunia, kisha wakakaa kuyatazama, maana njia ya kwenda bandarini ilikuwa mbovu, na punda walikuwa wachache tena wenye kiburi. Basi Sultani akatamani gari moshi la mizigo. Akalitamani hata akawa analiota, na kila akiamka huwaambia watumishi wake, "Nimelisikia tena," nao hutazamana.

Msimulizi hodari angesema hapa kwamba hazina ya Sandarusi ilijaa lulu. Haikujaa. Ilikuwa na kitu kidogo, nacho kikapelekwa ng'ambo kununua gari, na baada ya kungoja sana vikafika behewa moja dogo la wazi, vipande vya reli pamoja na mataruma ya kuvilazia, vya kutosha njia fupi kama ua wa msikiti, na filimbi ya shaba. Kichwa cha gari hakikufika. Wauzaji walieleza kwa adabu kwamba kichwa huja baada ya malipo yaliyobaki. Filimbi ilikuwa nzuri mno, na Sultani aliichagua mwenyewe, kabla ya kuuliza bei ya kitu kingine chochote.

Reli ikalazwa Bondeni, mtaa wa chini kabisa wa mji. Behewa likawekwa juu ya reli, filimbi ikafungwa kwenye behewa, na kwa kuwa mvuke haukuwapo, ikaunganishwa na mvukuto wa mhunzi. Gari likawa limekamilika, ila kwenda.

Basi Waziri Badrudini, mwenye maghala makubwa mtaa wa Kilimani, akamjia Sultani akasema, "Bwana wangu, tusiisumbue hazina. Reli hujilipia yenyewe. Popote inapofika, viwanja na majengo hupanda thamani. Na tuchore duara, tuliite Duara la Reli. Kila mwenye jengo ndani ya duara tumpimie, jengo lake lilikuwa na thamani gani kabla ya reli na lina thamani gani sasa, na nusu ya kilichoongezeka kiwe cha reli. Anayefaidi ndiye alipe. Je, kuna haki kubwa kuliko hiyo?"

Sultani akafikiri, akaona hakuna, na kusema kweli haikuwapo. Shauri lenyewe lilikuwa jema. Ubaya ulikuwa katika kuchora mstari.

"Mpaka wa duara tuuweke wapi?" akauliza.

"Sauti ituamulie, bwana wangu. Filimbi ipulizwe pale gari lilipo. Atakayeisikia akiwa nyumbani kwake yumo ndani ya duara, na asiyeisikia yuko nje."

Sultani aliipenda filimbi yake, hakuhitaji kubembelezwa. Ikawa amri.

Hapa yapasa kueleza desturi moja ya Sandarusi, kwani bila hiyo hekaya haisimami. Katika mji ule, mtumishi wa Sultani akipita na kuuliza, "Mmesikia?", jibu la adabu lilikuwa, "Tumesikia, na tumefurahi." Hivyo ndivyo alivyojibu hata aliyekuwa usingizini. Watoto walifunzwa jibu hilo siku moja na kunawa mikono. Kusema hukusikia kulikuwa sawa na kumrudishia mwenyeji sahani yake bila kuigusa.

Basi filimbi ikapulizwa Bondeni, na karani wa Sultani akatoka kuuliza nyumba kwa nyumba. Watu wa Kilimani walikuwa wamekwisha kunong'onezwa na Waziri, nao wakajibu mmoja mmoja, kwa huzuni, kwamba hawakusikia kitu. Wengine waliweka kiganja sikioni kabla hawajaulizwa. Watu wa Bondeni hawakunong'onezwa na mtu.

Huko Bondeni palikuwa na banda la washona magunia, wanawake walioshonea maghala ya Kilimani tangu enzi za mama zao, na hawakuwa na kazi nyingine wala mahali pengine pa kuifanyia. Miongoni mwao alikuwamo mmoja aitwaye Sikudhani, maskini wa kutupwa, mwenye shazia moja ya kushonea na maneno yasiyo na idadi. Karani alipofika mlangoni akauliza, "Mmesikia filimbi ya gari?"

"Tumesikia, na tumefurahi," wakajibu wote.

Wangeishia hapo mambo yangekuwa madogo. Lakini Sikudhani hakujua kuliacha jambo likiwa na ukubwa wake wa kawaida.

"Tumeisikia mara mbili, bwana karani," akasema. "Mara ya kwanza yenyewe, na mara ya pili kwa raha ya kuikumbuka. Hata shangazi yangu huyu, Bi Mwanamvua, ambaye ni kiziwi tangu mwaka wa nzige, ameisikia. Mtazame anavyotabasamu!"

Bi Mwanamvua alikuwa akitabasamu kwa sababu karani alivaa kanzu yake kinyume, mishono nje, na mshonaji hawezi kuona kitu kama hicho akanuna. Karani akaandika kwamba banda limo ndani ya duara, tena katikati.

Haukupita muda mrefu karani akarudi, safari hii kanzu ikiwa sawasawa.

"Banda lenu limepanda," akasema.

Sikudhani akatazama juu. "Limepanda wapi, bwana? Paa ni lile lile, na linavuja pale pale."

"Limepanda thamani. Zamani lilikuwa banda la mwisho wa mji. Sasa ni jengo la mbele ya kituo."

"Halijasogea hata shibiri."

"Kituo ndicho kilichosogea," akasema karani, na akataja kiasi cha kulipa. Kwa mwenye ghala kilikuwa kitu cha kuhesabia vidole huku akipiga miayo. Kwa wanawake wale kilizidi shazia zao zote, na nyuzi zao, na heleni zao, na chungu cha uji pamoja na uji wenyewe. Asiyelipa kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jengo lake litabomolewa na uwanja upewe awezaye kulipa. Awezaye kulipa alijulikana. Waziri Badrudini alikwisha kuonekana akiupima uwanja ule kwa miguu yake, akitingisha kichwa kwa kuridhika.

Wanawake wakamgeukia Sikudhani.

"Wewe na mara mbili zako!" akasema Bi Kidawa, mkubwa wa banda.

"Nilitaka kuwa na adabu, dada."

"Adabu ilitosha mara moja!"

"Najua. Mungu alipogawa ndimi nilirudi mstarini mara ya pili, na alipokuja kugawa akili nikawa bado nasimulia jinsi nilivyopata ulimi."

"Basi uchukue huo ulimi uende nao kwa Sultani. Banda likivunjwa tutahamia kwako, wote, na vyungu vyetu."

Sikudhani alikaa katika chumba ambacho yeye na shangazi yake walilala kwa zamu. Akajifunga kanga, akaenda.

Alipoingia barazani akapiga magoti, akasema, "Nashika miguu yako, bwana wangu Sultani. Mungu akupe umri."

"Sema haja yako, ewe mwanamke."

"Mimi ni Sikudhani, mshona magunia, nimekuja kushtaki. Mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, maana mdomo ulioliponza banda ni huu hapa. Lakini nikipata wa kushtakiwa pamoja nami nitashukuru, kwani upweke si mzuri."

Sultani akajizuia asicheke. "Endelea."

"Bwana wangu, amri yako yasema anayefaidi ndiye alipe, na hakuna amri nzuri kama hiyo. Sasa, sisi twashona magunia, na magunia ni ya maghala ya Kilimani. Gari likianza kwenda, magunia yatashuka kwenda bandarini na faida itapanda kwenda Kilimani. Mbona mpaka wa wanaofaidi umeishia miguuni pa mlima?"

Waziri Badrudini, aliyekuwa ameketi kando ya Sultani, akajibu, "Kwa sababu Kilimani hakuna aliyesikia. Wameulizwa wote. Lakini mwanamke huyu alisikia mara mbili, na imeandikwa."

"Imeandikwa," Sikudhani akakubali, "na shangazi yangu kiziwi ameandikwa vilevile. Karani wetu ni mwaminifu sana. Huandika upuuzi kama alivyoukuta."

Karani akainama, akidhani amesifiwa.

Sultani akakunja uso, kwa maana aliona kwamba jambo halikukaa vizuri, lakini aliona pia kwamba amri ilikuwa na muhuri wake. "Amri ni amri," akasema. "Mpaka uko pale ambapo sauti ya gari inakoma. Nithibitishie kwamba watu wa Kilimani wanalisikia gari wakiwa majumbani mwao, nami nitausogeza mstari kwa mkono wangu. Usiponithibitishia kufikia Ijumaa ile, banda na livunjwe."

Waziri akaongeza upesi, "Na filimbi isiondolewe garini, bwana wangu, asije akaipandisha mlimani kichwani kama mtungi."

"Isiondolewe."

"Na gari lisiondolewe juu ya reli, asije akalifunga kwa punda."

"Lisiondolewe. Je, Sikudhani, umesikia?"

"Nimesikia, na nimefurahi," akajibu Sikudhani, na papo hapo akajilaani moyoni, kwa maana hakufurahi hata kidogo.

Akarudi bandani. Wenzake walikuwa wakiunga turubai kubwa, naye akaketi kati yao akawaeleza yote, akaanza kushona na kujitukana kwa pamoja, mshono mmoja na tusi moja.

Washona magunia wa Sandarusi walikuwa na namna yao ya kuunga turubai. Kingo mbili hushikizwa kwanza kwa miiba ya mchongoma, ili zisiteleze chini ya shazia. Lakini miiba iliyonyooka na isiyovunjika ni adimu, wala hakuna awezaye kupata ya kutosha turubai zima. Kwa hiyo huchomeka michache tu. Wakishona hadi inapoishia, huichomoa ya nyuma, huichomeka mbele, na kuendelea. Kwa miiba ya kujaa kiganja huunga turubai la urefu wowote.

Siku ile Sikudhani alishona mpaka miiba ikaisha, akaendelea kushona hewani, akijiita punda, kisha akiwaomba punda radhi. Bi Mwanamvua, ambaye hakuyasikia matusi lakini aliona kingo zikiachana, akampiga kofi dogo mkononi na kumwashiria: chomoa ya nyuma. Sikudhani akaichomoa. Akaitazama katika kiganja chake. Kisha akatazama nje, ilikolala reli ya Sultani.

"Bi Kidawa," akasema, "reli ni nini?"

"Ni balaa ulilotuletea."

"Ni miiba," akasema Sikudhani. "Waziri amesema gari lisiondolewe juu ya reli. Hakusema reli isiondolewe nyuma ya gari."

Bi Kidawa akaacha kushona. Alikuwa mwanamke mzito wa kufurahi, na hata sasa hakufurahi, ila alivua heleni zake na kuzifunga katika pindo la kanga, kama afanyavyo mtu kabla ya kazi ya nguvu.

Basi wakaanza. Wakalisukuma behewa hadi mwisho wa reli, wakalikingia mawe, wakazing'oa reli na mataruma ya nyuma, wakayalaza mbele, wakalisukuma tena. Mahamali wa Bondeni, ambao nao walikuwa wameambiwa kwamba vibanda vyao vimepanda, wakaja kusaidia. Bi Kidawa akaamuru behewa lipakiwe magunia ya ufuta ya Waziri mwenyewe, yaliyokuwa yamekwisha kushonwa na kungoja kupelekwa ghalani.

"Dada, ni mlima!" akalia Sikudhani. "Tulipandishe tupu."

"Gari la mizigo bila mzigo ni kichekesho."

"Sisi tayari ni kichekesho, dada. Mimi nilikuwa kichekesho hata kabla ya reli."

"Basi tuwe kichekesho chenye mzigo."

Gari likapanda. Usiulize kwa mwendo gani. Konokono aliyelipita njiani alipata muda wa kuligeukia. Mara moja liliteleza likarudi nyuma, na aliyelizuia kwa mgongo wake ni Sikudhani, si kwa ushujaa bali kwa kuwa alikuwa amesimama mahali pabaya akitoa ushauri. Mtumishi mmoja wa Waziri aliwaona, akakimbia kumwambia bwana wake kwamba gari lapanda mlima. Waziri, ambaye alijua kuliko mtu yeyote kwamba gari lile halina kichwa, akamfukuza kazi kwa ulevi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Sultani alikuwa na desturi ya kula kwa Waziri baada ya swala, na siku ile karani naye alialikwa, maana jioni yake banda lingevunjwa na ilipasa kuandikwa. Wakaketi barazani, pilau ikaletwa. Sultani akafinyanga tonge la kwanza, na alipolifikisha mdomoni, Sikudhani, akiwa chini ya ukingo wa baraza, ambako gari lilifikishwa watu wakiwa swalani, akaukalia mvukuto kwa uzito wake wote.

Filimbi ile ilitengenezwa isikike ng'ambo ya misitu. Sahani zikacheza. Kuku wakaruka ukuta. Tonge likamponyoka Sultani likaingia katika mkono wa kanzu yake.

"Nimelisikia," akasema Sultani polepole, kama mtu anayeogopa kuamka.

Waziri alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Hapana kitu, bwana wangu," akasema. "Ni ile ndoto yako."

Sultani akamtazama, na uso wake ukaingiwa na aibu, kwa maana alijua kwamba watu huicheka ndoto ile, na alikuwa karibu kuamini kwamba sasa humjia hata mchana, mbele ya pilau. Sikudhani akaona uso ule kutoka chini. Akaukalia mvukuto mara ya pili, na safari hii hakuinuka.

Majirani wakatoka milangoni, vidole masikioni. Karani, mtu wa kazi yake, akasimama ukingoni mwa baraza akauliza kama ilivyompasa, "Mmesikia?"

"Hatukusikia!" wakajibu Kilimani nzima, wakipiga kelele kwa nguvu zao zote, ili wasikike juu ya filimbi.

Filimbi ikaendelea. Mtungi ukapasuka jikoni. Waziri Badrudini akavumilia, akavumilia, akawa mwekundu, akawa wa rangi ya majivu, hatimaye akaruka akapaza sauti, "Inyamazisheni filimbi hiyo! Yatupasua vichwa!"

Filimbi ikanyamaza.

"Filimbi ipi, Waziri?" akauliza Sultani.

Pakawa kimya hata likasikika tonge lile likianguka kutoka katika mkono wa kanzu.

"Amevunja amri!" akasema Waziri. "Gari limetoka relini!"

Sultani akashuka ngazi mwenyewe. Akainama, akapapasa gurudumu, akapapasa chuma kilicho chini yake. "Liko juu ya reli," akasema. Kisha akasimama akaangalia huku na huku. "Ewe Sikudhani, hii reli yangu inaishia wapi?"

"Kwa leo inaishia hapa, bwana wangu. Kesho yaweza kupita jikoni kwa Waziri, akitufungulia mlango."

"Na mzigo huu ni wa nani?"

"Ni ufuta wa Waziri. Ni mzigo wa kwanza kusafiri kwa gari katika nchi yako. Umefika salama, ila mgongo wangu."

"Basi amefaidi," akasema Sultani, na hapo kicheko kikamshinda. Akacheka akiwa amelishika behewa asianguke. "Tazameni mfalme huyu! Nilipeleka fedha ya mji mzima ng'ambo, nikanunua mlio. Kisha nikauuliza mlio uniambie nani ana mali!"

"Usijilaumu, bwana wangu," akasema Sikudhani. "Mimi niliusikia mara mbili."

Sultani akamwita karani, akachukua kalamu, akalichora duara upya kwa mkono wake, na Kilimani yote ikaingia ndani, ghala kwa ghala. Akaamuru pia kwamba jengo linalovuja lisihesabiwe kuwa limepanda mpaka lizibwe, na fungu la kwanza kutoka Kilimani likazibe paa la banda la washona magunia. Lililofuata liende kuleta kichwa cha gari. Waziri Badrudini akaamriwa kulirudisha behewa Bondeni kwa njia liliyojia, reli kwa reli, naye akalirudisha, na mtumishi wake aliyefukuzwa kwa ulevi akarudishwa kazini ili amsimamie.

Siku ile ile, kabla behewa halijashuka, Sultani alifurahi sana. Akapanda juu ya magunia, akawatazama watu wote wa Bondeni waliokusanyika, macho yake yakang'aa, akasema, "Enyi watu wangu! Hata kabla kichwa hakijafika nimepata shauri jingine. Tutajenga daraja la chuma juu ya mto, na kengele yake nimekwisha kuichagua. Mmesikia?"

Sikudhani akavuta pumzi, akafumbua kinywa. Lakini mkono ukaja kutoka nyuma ukakiziba. Ulikuwa mkono wa Bi Mwanamvua. Hakuwa amesikia neno hata moja, ila aliuona uso wa Sultani, na alimjua binti wa kaka yake.

"Bwana wangu," akasema bibi yule, kwa sauti kubwa ya viziwi, "sijui umesema nini. Lakini kabla huyu hajakujibu, tuambie kwanza atalipa nani."

Sultani akacheka mpaka akaketi juu ya ufuta wa Waziri, na daraja likangoja.

Hapa ndipo reli ya hekaya hii inapoishia, kwa leo. Mwenye mzigo wake na aushushe.